SHAMBA NA MIFUGO: Ng'ombe wa Kwanza wa Gredi, Awe wa Aina Gani?



Barua zinazonifikia juu ya ng'ombe wa maziwa karibu zote huanza kwa maneno yale yale: "Nina akiba kidogo, nataka ng'ombe wa gredi atoaye maziwa mengi." Mwandishi mmoja ni karani mwenzangu aliyekaribia kustaafu. Ana eka mbili upande wa Murang'a, na akiba ya miaka yake yote kazini yamtosha kununua ng'ombe mmoja tu. Amekwisha kukata shauri kununua Friesian, na haniulizi mimi ila mahali pa kumpata. Namwomba anivumilie kidogo kabla sijamjibu, maana akiba ya mtu ikiisha kugeuzwa kuwa ng'ombe, na ng'ombe yule akafa, hairudi tena benki.

Swali la "ni yupi atoaye maziwa mengi" si la kwanza. La kwanza ni hili: "Nitamlisha nini mwezi wa Februari, jua linapokausha kila kitu?" Ng'ombe wa maziwa hula kwa kadiri ya uzito wake, na kwa kila kilo 100 za mwili huhitaji karibu kilo 3 za chakula kikavu kwa siku. Friesian aliyekomaa huwa na kilo 550 hata 650. Basi ahitaji kilo 17 au zaidi za chakula kikavu. Na kwa kuwa nepia mbichi ni maji kwa sehemu kubwa, hesabu hiyo hugeuka kuwa kilo 80 na zaidi za majani ya kukatwa na kubebwa kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwa ndani yake. Tena, akiwa na maziwa mengi, hunywa madebe manne au matano ya maji kwa siku. Kama maji yenu huchotwa mtoni kwa mgongo wa mke na watoto, basi mhesabie na yeye kazi hiyo kabla hujamhesabia maziwa.

Friesian asili yake ni Uholanzi, naye ndiye yule mweusi na mweupe mnayemjua. Akilishwa vyema katika nchi ya baridi kama Limuru, Nyandarua au Uasin Gishu, kupata lita 20 kwa siku si ajabu, na wako wazidio hapo sana. Maziwa yake yana mafuta kidogo, karibu sehemu tatu na nusu katika mia. Walakini Friesian mwenye njaa hawi Friesian tena. Hukonda, huchelewa kuonyesha joto, hukaa mwaka na nusu au miwili bila kuzaa, na mwenyewe hushangaa kwamba jirani yake mwenye ng'ombe mdogo wa rangi ya udongo apeleka maziwa kiwandani kumshinda.

Ng'ombe mdogo huyo pengine ni Jersey. Alitoka katika kisiwa cha jina hilo kilichoko katika mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, na uzito wake ni kilo 350 hata 450 tu. Hula kidogo kwa sababu ni mdogo, lakini kwa kila kilo ya mwili wake hutoa maziwa kwa ukarimu, tena yenye mafuta karibu sehemu tano katika mia. Huzaa kwa wepesi, na joto hulistahimili kuliko Friesian. Kasoro zake ni mbili. Mara tu baada ya kuzaa aweza kushikwa na homa ya maziwa, ambayo kwa hakika si homa, bali ni upungufu wa chokaa katika damu. Ng'ombe huanguka asiweze kusimama, na daktari asipoitwa upesi kumtia dawa mshipani hufa. Pili, wanunuzi wengi wa maziwa hulipa kwa lita wala si kwa mafuta, hata utamu ule wote hauongezi senti katika malipo yako. Kwa mtu auzaye mtindi au atengenezaye samli nyumbani, habari ni nyingine.

Katikati ya hao wawili yuko Ayrshire wa Uskochi, mwekundu na mweupe, mwenye kilo 450 hata 550 na mafuta karibu sehemu nne. Mimi nampenda kwa miguu yake. Kwato zake ni ngumu, hupanda mteremko akitafuta majani mwenyewe, wala si mchaguzi wa malisho. Guernsey, ndugu yake Jersey, maziwa yake ni ya rangi ya dhahabu, lakini ni wachache, na mtu wa kwanza kufuga asihangaike kuwatafuta.

Wasomaji wa Baringo, Kajiado na sehemu za chini za Machakos wasione kwamba nimewasahau. Kwao wote hao niliowataja ni wageni wapatao taabu. Kwao iko Sahiwal, ng'ombe mwekundu mwenye nundu kutoka Punjab, aliyeletwa Kenya kati ya mwaka 1939 na 1963. Kundi la Serikali la kuzalisha mbegu yake liliwekwa Naivasha mwaka 1962. Maziwa yake si mengi, lakini humshinda mbali ng'ombe wetu wa asili, naye huvumilia jua, kupe na majani makavu. Jambo moja ujue mapema: Sahiwal wengi hawateremshi maziwa mpaka ndama anyonye kidogo kwanza. Ndama akifa, maziwa nayo huweza kukauka.

Tena kuna chotara. Ukimpandisha ng'ombe wa asili au Sahiwal kwa mbegu ya Ayrshire au Friesian, mtoto wa kwanza hupata nguvu ambayo mara nyingi huwashangaza watu: maziwa huongezeka sana, na ugumu wa mama haupotei wote. Shida huja katika uzao wa pili, maana watu wengi huendelea kutia damu ya kigeni, mpaka uzao wa baadaye umekuwa karibu Friesian kamili katika nchi isiyomfaa. Katika sehemu za joto, kubaki kati ya nusu na robo tatu ya damu ya kigeni ndiko kunakofaa.

Hapa nitoke nje ya njia kidogo. Kwa muda mrefu wa ukoloni Mwafrika alizuiwa, au alikatishwa tamaa kwa kila njia, asifuge ng'ombe wa gredi. Baada ya mpango wa Bwana Swynnerton wa mwaka 1954 ndipo mlango ulipofunguliwa, nao ulifunguliwa kwa masharti: mwenye kutaka ng'ombe kwanza aonyeshe uzio, majani yaliyopandwa, maji, na namna ya kuua kupe. Mtu mzima kukaguliwa boma lake kama mtoto wa shule ni jambo la kuudhi, wala simtetei aliyelibuni. Lakini utaratibu wenyewe, majani kwanza na ng'ombe baadaye, ulikuwa sawa kabisa, na siku hizi ambapo hakuna wa kutukagua twaufuata kinyume. Mtu hununua ng'ombe Jumamosi, na Jumatatu aanza kuuliza mbegu za nepia zapatikana wapi.

Sasa nimjibu karani wa Murang'a. Kanuni ijulikanayo na wengi ni kwamba eka moja ya nepia, ikipaliliwa na kurudishiwa samadi yote, yaweza kumlisha ng'ombe mmoja wa kadiri. Wewe una eka mbili, na ndani yake mna kahawa, mahindi na nyumba. Nepia yako haitazidi nusu eka. Friesian kamili atakula hiyo nusu eka, kisha atakula pensheni yako kwa magunia ya chakula cha dukani. Ningekuwa mimi, ningetafuta Jersey, au chotara wa Jersey na Ayrshire, na ukingoni mwa kila tuta ningepanda desmodiamu na kaliandra ili kupunguza gharama ya chakula cha kununua. Ukiona baadaye kwamba majani yabaki, waweza kumpandisha kwa mbegu ya aina kubwa zaidi, maana mbegu si ghali kama ng'ombe. Kituo cha Kabete kimekuwa kikihifadhi na kusambaza mbegu za mafahali tangu mwaka 1946. Lakini mtamba mdogo wa mimba ya kwanza usimtie mbegu ya fahali azaaye ndama wakubwa.

Liko neno zito kuliko aina, nalo ni mahali alipokulia. Ndigana kali, homa ile iletwayo na kupe wa kahawia wa masikioni, huua ng'ombe wa gredi kwa muda wa wiki mbili au tatu. Ng'ombe aliyekulia shamba la juu lisilo na kupe, au shamba ambako wanyama wote huogeshwa kila juma bila kukosa, hana kinga yoyote mwilini. Ukimleta kwako penye kupe, uzuri wake wote wa nasaba haumsaidii kitu. Kwa hiyo muulize muuzaji kama alikwisha kuchanjwa. Chanjo hiyo ilivumbuliwa Muguga katika miaka ya 1970. Ng'ombe hutiwa vijidudu hai vya ugonjwa, na saa ile ile hupewa dawa ya kuvizuia visimshinde, na akiisha kupona kinga hudumu kwa miaka. Dawa yake hukaa katika baridi kali, na ikifunguliwa hutosha ng'ombe wengi, hivyo majirani wapatane siku moja kumwita daktari. Hata baada ya chanjo usiache josho, maana kupe wana magonjwa mengine.

Siku ya kununua, nenda jioni ushuhudie akikamwa mpaka mwisho, kisha rudi asubuhi ushuhudie tena. Madalali wana hila ya kumwacha bila kukamwa ili kiwele kijae na kung'aa. Kamua kila chuchu wewe mwenyewe katika kikombe cheusi uone kama pana mabonge. Tazama meno: mwenye meno mawili makubwa ana umri wa miaka miwili hivi, na mwenye manane amepita minne. Ukiuziwa mtamba, uliza kama alizaliwa pacha na dume, maana wengi wa namna hiyo ni tasa maisha yao yote. Damu yake ipimwe ugonjwa wa kutupa mimba, ambao humwambukiza binadamu pia kwa maziwa mabichi. Dai kadi za uhimilishaji na, kama yuko katika kitabu cha nasaba, hati yake. Sisi makarani hushtumiwa kwa kupenda karatasi. Siku hiyo upende karatasi bila haya. Kibali cha kumsafirisha usikisahau, kwa kuwa pakiwa na ugonjwa wa miguu na midomo gari lako litarudishwa njiani.

Akifika, mnyunyizie dawa ya kupe kabla hajaingia bomani, na umtenge na wanyama wengine kwa majuma matatu. Mwulize muuzaji alikuwa akimlisha nini, na ununue kwake gunia moja la chakula kile kile, umchanganyie na chako kidogo kidogo kwa siku kumi za kwanza.