Cade hakuwa shida ya Detroit

Wasee, wacha niseme mapema ndio tusisumbuane: Cade Cunningham hakuwahi kuwa shida ya Detroit Pistons. Wale mlikuwa mnamtusi 2023, mbona mlinyamaza ghafla msimu wa 2024-25 ulipoisha?

Mnakumbuka ile aibu lakini. Walishinda mechi 2 kati ya 3 za kwanza, halafu wakapoteza 28 mfululizo. Ishirini na nane! Hadi Desemba 30 walipoponea kwa Toronto, 129-127. Ile ya 27 dhidi ya Brooklyn, Cade alifunga alama 41 na bado wakachapwa. Kijana wa miaka 22, rika langu kabisa, na mtandaoni watu wanasema ni feki, auzwe, eti kumchukua wa kwanza kwa drafti ya 2021 ilikuwa hasara.

Sasa angalia alicheza na nani. Watupaji wa mbali wa kuogopwa hawakuwepo, kwa hivyo kila akiingia ndani anapata ukuta wa watu umemngoja. Jaden Ivey anakalishwa benchi ndio Killian Hayes aanze. Eti hiyo ni mpango! Kocha Monty Williams alikuwa amepewa mkataba wa miaka 6, dola milioni 78.5. Wakamaliza 14-68, msimu mbovu zaidi katika historia ya klabu, akafutwa na bado akabaki akidai kama milioni 65. Mkubwa akiharibu analipwa aende nyumbani, mdogo anaambiwa hana kipaji. Hapo ndio mimi huwaka. (Mimi niliacha campus, najua vile watu hukupima na muhula mmoja tu na kufunga faili.)

Kilichofuata hakikuwa uchawi. Trajan Langdon akapewa ofisi, akaleta kocha J.B. Bickerstaff na wachezaji waliokomaa: Tobias Harris, Tim Hardaway Jr., Malik Beasley. Beasley peke yake alipiga mitupo 319 ya alama tatu. Ukiwa na mtu kama huyo pale kando, beki wake hawezi kumwacha akamsaidie mwenzake, na Cade anapata njia. Yuleyule "feki" akawa anafunga wastani wa alama 26 na kutoa pasi 9 za vikapu kila mechi. Na walianza msimu 0-4, msisahau. Wakamaliza 44-38. Kwa misimu ya mechi 82, hakuna timu ya NBA iliyokuwa imewahi kuzidisha ushindi wake mara tatu kwa mwaka mmoja.

Ndio, Knicks waliwatoa 4-2. Lakini mechi ya pili walishinda pale pale New York, 100-94, ushindi wao wa kwanza wa mchujo tangu 2008, Cade akiwa na 33. Na mechi ya nne, waliyopoteza kwa alama moja, Hardaway alichezewa faulo sekunde ya mwisho na filimbi haikulia. Waamuzi wenyewe walikubali baadaye. Itasaidia nani sasa?

Haya, kama bado unataka Cade auzwe, niambie unamletea Detroit nani.