Chuo cha Bweleo na Watoto wa Visiwa
Hatusemi kwa husuda. Novemba 2023 chuo cha IIT Madras cha India kilizinduliwa Bweleo, nasi tuliona fahari, kwani wazee wetu walilazimika kuvuka bahari hadi Makerere kuitafuta elimu ya juu. Lakini ada ya shahada ya kwanza ilitangazwa dola 12,000 kwa mwaka! Sisi tushikao mizani dukani twawajua mvuvi wa Makunduchi na mchuma karafuu wa Wete: hata kibaba cha mchele hukopa. Basi twaiuliza Serikali, kwa adabu: ni watoto wangapi wa Unguja na Pemba waliosomeshwa humo kwa msaada wake, na walichaguliwa kwa kipimo gani? Orodha ibandikwe hadharani katika kila wilaya.