Mbolea ya Ruzuku: Majibu kwa Wanaoibeza na Wanaoisifu

Msimu wa kupanda ukikaribia Trans Nzoia, Kenya, maneno yale yale kuhusu mbolea ya ruzuku huzuka tena. Mengi hayamsaidii mkulima wa ekari mbili, na yafaa yajibiwe.

Kwanza wapo wanaosema ruzuku ni kuwadekeza wakulima, kwamba mataifa tajiri yaliachana nayo. Si kweli. Umoja wa Ulaya hutenga karibu theluthi moja ya bajeti yake kwa kilimo, na Marekani imekuwa ikiwalipa wakulima wake tangu sheria ya 1933. Hakuna sababu ya mkulima wa Cherangany kuona haya.

Wa pili wanasema kazi imekwisha kwa kuwa bei imeshuka. Imeshuka kweli: mfuko wa kilo 50 ulitoka shilingi 6,500 hadi 3,500 Septemba 2022, na mwaka uliofuata ukawa 2,500. Sifa hiyo serikali ipewe. Lakini bei ya ghalani si bei ya shambani. Mkulima asajiliwe kwanza kwa chifu, angoje ujumbe kwenye simu, atafute nauli, apange foleni kwenye ghala la Bodi ya Nafaka, na pengine aambiwe arudi kesho. Kisha alipe bodaboda wa kumfikishia mfuko nyumbani. Mwenye lori na mashamba makubwa hubeba mifuko mingi kwa safari moja. Mama wa ekari moja hulipa nauli ile ile kwa mfuko mmoja au miwili. Faida ya ruzuku humponyoka njiani, tena ndiye aliyetajwa kuwa mlengwa wake ilipoanzishwa.

Wa tatu wanadai kuwa mbolea duni ya 2024 ilikuwa kasoro ndogo iliyokwisha kurekebishwa. Hili ndilo linaloniudhi zaidi. Mahindi ya nyanda hizi za juu hupandwa mara moja kwa mwaka, mvua za Machi na Aprili zinapoanza. Mbolea duni ilipopatikana ikiuzwa chini ya mpango wenyewe wa ruzuku, wapo waliokuwa wamekwisha kuitia mashimoni. Serikali iliahidi kuwafidia, lakini mfuko wa badala ukija Mei hauwezi kurudisha mvua ya Machi. Aliyepoteza msimu huo alipoteza karo na chakula cha mwaka mzima.

Wengine husema mbolea ikiongezwa mavuno yataongezeka tu. Sehemu nyingi za nyanda hizi udongo una asidi, na mbolea ya DAP inayotiwa miaka nenda miaka rudi huizidisha. Palipo na asidi kali, chokaa ndiyo ingetangulia. Ruzuku isiyoanza na kupima udongo hupoteza pesa za umma.

Na wale wanaosema haya ni mambo ya Nairobi, wasome Jedwali la Nne la Katiba: ukuzaji wa mimea ni kazi ya kaunti. Kifungu cha 35 nacho kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Basi mwulize mwakilishi wa wadi yako, kabla ya mvua: mifuko mingapi imefika wadi hii, nani aliichukua, na nani aliipima ubora?