Dhaifu Kuliko Nini? Juu ya Kufundisha Kani Baina ya Molekuli

Katika masomo ya kemia, mwanafunzi huambiwa kuwa kani baina ya molekuli ni "dhaifu", na somo likaishia hapo. Sisi twaona kuwa neno hilo pekee halitoshi. Mwanafunzi aliyelikariri bila kulipima hudhani kwamba maji yachemkapo hugawanyika kuwa haidrojeni na oksijeni. Na kosa hilo huenda nalo hadi siku atakapokuwa mwalimu mwenyewe.

Siku hizi kompyuta hutupatia kipimo. Hukokotoa nishati ya molekuli mbili zikiwa pamoja, kisha ya kila moja ikiwa peke yake. Tofauti yake ndiyo nguvu ya mshikamano. Kukata bondi ya oksijeni na haidrojeni ndani ya molekuli ya maji huhitaji takriban kilojuli 460 kwa moli. Kutenganisha molekuli mbili za maji zilizoshikana kwa bondi ya haidrojeni huhitaji kama 20. Molekuli mbili za methani, zishikanazo kwa kani alizozieleza Fritz London mwaka 1930, hutenganishwa kwa kilojuli 2 hivi. Ndiyo maana maji huchemka kwenye nyuzi 100 za sentigredi, na methani kwenye nyuzi 161 chini ya sifuri, ingawa uzito wa molekuli zake wakaribiana.

Lakini tarakimu zisitangulie vitu. Mwalimu wa Tanga anayo mafuta ya nazi. Hapa pwani ni majimaji. Yakipandishwa Lushoto wakati wa kipupwe huganda. Hakuna molekuli iliyovunjika, wala mpya iliyozaliwa. Na aulize: kama kani hizi ni ndogo hivyo, mbona mafuta si gesi kama methani? Jibu limo katika urefu wa molekuli zake: hugusana mahali pengi, na haba na haba hujaza kibaba. Mkonge nao hutoa funzo hilo hilo: minyororo ya selulosi hushikamana kwa bondi nyingi za haidrojeni, na uzi ukawa imara.

Hatudai kila chuo kingoje kompyuta. Tarakimu tatu ubaoni, chupa ya mafuta na bakuli la maji ya barafu zatosha kuanzia. Tunalodai ni kwamba mwanafunzi akadirie kwanza, ndipo aonyeshwe hesabu. Na neno "dhaifu" lisitamkwe darasani pasipo kuulizwa: dhaifu kuliko nini?