Uzito Haushiki Barabara

Miongoni mwa imani zilizoota mizizi kwa madereva wa Afrika Mashariki, na kwa kweli kwa madereva wa pande nyingi za dunia, ipo ile isemayo kwamba gari zito ndilo linaloshika barabara, na kwamba gari jepesi, hasa lile dogo la michezo lenye viti viwili, hurukaruka, huyumbishwa na upepo na kumponyoka dereva pindi anapoingia kona kwa kasi. Imani hiyo husemwa kwa uhakika katika gereji, hurudiwa na wauzaji wa magari na hurithiwa na watoto kutoka kwa wazazi wao. Tena imezaa mazoea yenye gharama, kwa kuwa mwenye gari la aina hiyo hushauriwa alifunge rimu kubwa, alijaze spika nzito nyuma na alibandike bampa za ziada ili "litulie". Ushauri huo ni mbaya, na msingi wake ni kosa la kifizikia. Uzito wa ziada haulipi gari dogo la michezo chochote linapokata kona. Hulipokonya sifa zile zile lilizotengenezewa.

Gari la michezo, kwa maana inayotumika hapa, si gari la mashindano, bali ni gari la barabarani ambalo waundaji wake wametanguliza wepesi wa kuongeza mwendo, kufunga breki na kugeuka, hata kama kwa kufanya hivyo wamepunguza nafasi ya abiria na mizigo. Mfano unaofaa kuchunguzwa ni Mazda MX-5, gari lililooneshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Chicago mwezi Februari 1989, na ambalo nchini Japani liliuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Toleo lake la kwanza lilikuwa na injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi zipatazo 115 tu, na uzito wake ulikuwa takriban kilo 950. Boneti yake ilifuliwa kwa alumini badala ya chuma, na betri ikahamishiwa ndani ya buti ili mzigo wa mbele na wa nyuma ukaribiane. Wahandisi wake wa Hiroshima walilitengeneza kwa kufuata wazo linaloitwa kwa Kijapani jinba ittai, yaani mpanda farasi na farasi wake kuwa kiumbe kimoja. Wazo hilo si pambo la matangazo, kwa sababu kila gramu iliyopunguzwa ililenga jambo linaloweza kupimwa.

Kipimo cha kwanza ni mchapuko, yaani kiasi ambacho mwendo huongezeka kila sekunde. Kanuni ya pili ya Newton hufundisha kwamba kani ile ile ikisukuma vitu viwili, kile chenye tungamo kubwa, yaani chenye maada nyingi zaidi, huongeza mwendo polepole zaidi, na kwa uwiano ule ule. Gari la kilo 950 lenye dereva wa kilo 75 likiongezewa kilo 100, iwe ni abiria mwenye begi lake au ni jumla ya mapambo yaliyofungwa gereji, hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya mchapuko wake. Hilo hakuna anayelikanusha. Mtetezi wa uzito hukubali kwamba gari litakuwa zito kuondoka, lakini hudai kwamba hasara hiyo hulipwa kwenye kona, na hapo ndipo hoja yake inapopaswa kupimwa kwa makini kuliko mahali pengine popote.

Gari linalokata kona linahitaji kani ya pembeni ya kulivuta kuelekea ndani ya mzingo, la sivyo lingeendelea kwenda moja kwa moja na kutoka barabarani. Kani hiyo haitoki kwenye injini wala kwenye usukani. Hutoka mahali pamoja tu, nayo ni vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikiwa na ukubwa unaokaribia wa kiganja cha mkono, vinavyogusa lami. Katika kona ambayo nusukipenyo chake, yaani umbali kutoka kitovu cha mzingo hadi gari lilipo, ni mita 50, gari linalokwenda kilomita 72 kwa saa lenye jumla ya kilo 1,000 huhitaji kani ya nyutoni 8,000. Likiwa na kilo 1,200, huhitaji nyutoni 9,600. Mtetezi wa uzito hutazama upande mmoja tu wa hesabu hii: huona kwamba kilo 200 za ziada huyakandamiza matairi chini kwa nguvu zaidi, akasahau kwamba kilo hizo hizo ndizo zinazolisukuma gari nje ya kona. Kwa hesabu ya kitabu cha sekondari, ambamo msuguano huongezeka sawasawa na mgandamizo, pande hizi mbili hufutana kabisa, na kasi ya juu ambayo kona inaweza kukatwa haitegemei uzito hata kidogo. Kwa hiyo hata fizikia ya darasani, iliyorahisishwa kwa kumpendelea mtetezi huyo, haimpi zaidi ya sare.

Tairi halisi halimpi hata sare hiyo. Mpira hautelezi juu ya lami kama tofali juu ya ubao. Hujipenyeza katika vijishimo vya kokoto, hunata na kunyumbuka, na nguvu yake ya kushika hutegemea sehemu ya mpira inayogusana na mawe kwa hakika. Mgandamizo unapoongezeka, sehemu hiyo huongezeka pia, lakini si kwa uwiano ule ule, kwa sababu mpira uliokwisha kubanwa hauna tena vijishimo vingi vya kujaza. Matokeo yake ni kwamba tairi lililobebeshwa mzigo mara mbili hutoa kani ya pembeni kubwa zaidi, lakini isiyofikia mara mbili, ilhali kani inayohitajika imekuwa mara mbili kamili. Wahandisi wa magari wameijua tabia hii kwa miaka mingi na huijengea hesabu zao zote za matairi, springi na vyuma vya kuzuia kulala kwa bodi. Kila kilo inayoongezwa huongeza deni kuliko inavyoongeza uwezo wa kulilipa.

Hasara hiyo huongezeka zaidi kwa kuwa gari likiwa konani halikai sawa juu ya matairi yake manne. Kitovu cha uzito, yaani nukta ambayo uzito wote wa gari unaweza kuhesabiwa kuwa umekusanyika, kiko juu ya barabara, ilhali kani ya matairi iko chini kabisa, na tofauti hiyo ya kimo huuhamisha mzigo kutoka matairi ya ndani kwenda ya nje. Gari la kilo 1,000 lenye kitovu kilicho sentimita 45 juu ya lami na lenye sentimita 140 baina ya matairi ya kushoto na ya kulia, likiwa katika kona iliyotajwa, huhamisha mzigo wa takriban kilo 260. Lile la kilo 1,200 huhamisha takriban kilo 315. Matairi ya nje yamelemewa na yamekwisha kuvuka kiwango cha kutumia mzigo wao kwa faida, na ya ndani yamepunguziwa kazi ambayo yangeifanya vizuri. Mzigo ukifungwa juu, kama kwenye paa, kitovu hupanda na hali huwa mbaya maradufu.

Mahali uzito unapowekwa ni suala kubwa kiasi cha kuzidi uzito wenyewe. Gari likianza kugeuka huzunguka kidogo kama pia, na ukinzani wake dhidi ya mzunguko huo hukua kwa mraba wa umbali wa kila kitu kutoka katikati. Sanduku la spika la kilo 20 likifungwa mwisho wa buti, mita 1.5 kutoka katikati ya gari, huleta ukinzani mara 25 ya ule ambao lingeleta kama lingewekwa sentimita 30 tu kutoka hapo. Dereva huuhisi ukinzani huo mara mbili: kwanza pua ya gari inapochelewa kuitikia usukani, kisha sehemu ya nyuma inapokataa kuacha kuzunguka baada ya kuwa imeanza. Inasikitisha kuona gari ambalo waundaji wake waliihamisha betri yake makusudi kwa ajili ya mizani likitwishwa mabati na masanduku na mtu anayeamini kwamba analiboresha.

Rimu kubwa zina kosa la pekee. MX-5 ya kwanza ilitoka kiwandani na rimu za inchi 14, na wapo wanaozibadilisha kwa za inchi 17 au 18 zenye uzito mkubwa zaidi, wakidhani kwamba wameongeza uwezo wa gari kushika barabara. Gurudumu liko chini ya springi, kwa hiyo kila bonde au tuta hulirusha bila kizuizi chochote isipokuwa springi na shokapu, na likiwa zito huchelewa kurudi chini. Na tairi lililo hewani, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, halishiki chochote. Aidha, gurudumu husogea mbele na kuzunguka kwa wakati mmoja, hata kilo moja iliyoko kwenye ukingo wake wa nje hudai kani ya kuharakishwa inayolingana na ya kilo zipatazo mbili zilizoko ndani ya bodi.

Kuhusu breki, maelezo mafupi yanatosha. Nishati mwendo, yaani nishati ambayo kitu hubeba kwa sababu kinakwenda, ya kilo 1,000 kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa ni kilojuli 386. Ya kilo 1,100 ni kilojuli 424, na nishati hiyo karibu yote hugeuka joto katika diski na pedi ambazo hazikuongezwa ukubwa. Katika mteremko mrefu kama wa Kitonga nchini Tanzania, joto hilo halina nafasi ya kupoa kati ya kona moja na nyingine.

Akishindwa hapo, mtetezi wa uzito hukimbilia ngome ya pili, akisema kwamba injini kubwa itaufuta uzito. Mwaka 2024 kampuni ya BMW ilitoa M5 mpya, ambayo si gari dogo lakini ni ushahidi mzuri, ikiwa na nguvu za farasi 727 na uzito unaozidi kilo 2,400. Kwa takwimu za kampuni yenyewe, gari hilo hufikia kilomita 100 kwa saa katika sekunde 3.5, wakati toleo la Competition la kizazi kilichotangulia, lenye nguvu za farasi 625 na uzito usiofikia kilo 2,000, lilitumia sekunde 3.3. Farasi zaidi ya 100 wameongezwa, na gari limechelewa. Upande wa pili ipo Lotus Elise ya mwaka 1996, ambayo chesisi yake ya vipande vya alumini vilivyounganishwa kwa gundi maalumu ilikuwa na kilo 68, na gari zima kilo zipatazo 725. Kwa injini ya nguvu za farasi 118, ambazo leo hupatikana katika gari la kawaida la familia, iliufikia mwendo huo katika takriban sekunde 6. Na hata pale injini kubwa inapofanikiwa kurudisha mchapuko, haisaidii kitu konani wala kwenye breki, kwa sababu haiongezi mpira unaogusa lami. Huongeza uzito wake yenyewe, ikadai radieta kubwa, gia imara na mafuta mengi, navyo vikaongeza uzito tena.

Imani hii haikuzuka bila sababu. Gari zito lenye springi laini hupita juu ya mashimo bila kumtikisa sana aliyeketi ndani, kwa kuwa bodi yake ni nzito mno ikilinganishwa na magurudumu, na abiria huutafsiri utulivu wa kiti kuwa ni uthabiti wa tairi. Barabara za vumbi nazo zilifundisha watu kuheshimu magari makubwa, wakachanganya uzito na uimara, ingawa Joginder Singh wa Kenya alishinda Safari Rally mwaka 1974 na tena mwaka 1976 kwa Mitsubishi Lancer, gari dogo kwa kipimo chochote. Haki inataka isemwe pia kwamba wepesi uliotafutwa kwa kudhoofisha vyuma ni hatari: Colin Chapman, mwasisi wa Lotus, alilaumiwa na madereva wake mwenyewe kwa jambo hilo, na mmoja wao, Jochen Rindt, alimwandikia mwaka 1969 kulalamikia udhaifu wa magari yake. Vilevile, magari mawili yakigongana uso kwa uso, lililo zito huwaumiza walio ndani yake kidogo kuliko walio katika jepesi, na upepo wa ubavuni hulisukuma lililo zito kidogo kuliko jepesi. Hoja hizo ni za kweli, lakini hakuna hata moja inayohusu uwezo wa tairi kushika lami, na kilo za spika na bampa hazina ulinzi wowote unaolingana na ule wa kiunzi kilichosanifiwa vizuri.

Kwamba usalama wa kisasa hauhitaji gari dogo kunenepa kumethibitishwa na MX-5 yenyewe. Kizazi cha tatu, kilichotoka mwaka 2005, kilikuwa kimevuka kilo 1,000. Kizazi cha nne, kilichoanza kuuzwa mwaka 2015 kikiwa na mifuko ya hewa na kikitimiza masharti yote ya sheria za wakati wake, kilipunguza takriban kilo 100, hata toleo jepesi zaidi la Japani likawa na kilo 990. Wahandisi hawakufika hapo kwa kifaa kimoja cha ajabu. Walichagua injini ya lita 1.5 yenye nguvu za farasi 131, wakaweka alumini pale palipostahili, wakarudi kwenye rimu za inchi 16, na katika kila gurudumu, ambalo kizazi kilichopita lilifungwa kwa nati tano, wakafunga nne.