Sheria ya mambo ya kale ilivyoiacha nje miji ya almasi na dhahabu

UKIMTAKA Mtanzania wa kawaida ataje majengo ya kihistoria nchini, ataanza na Mji Mkongwe wa Zanzibar, atapita Bagamoyo na Kilwa, pengine atamalizia na Boma la Kale la Dar es Salaam. Ni vigumu kumpata atakayetaja Shinyanga, Kahama au Geita. Hata wenyeji wa miji hiyo wakisikia neno urithi hufikiria ngoma za Wasukuma na makumbusho ya Bujora. Hawafikirii mtaa wa maduka ya zamani yenye baraza mbele, wala kinu cha kuchambua pamba kilichonyamaza.

Fikra hiyo haikuzuka hewani. Imo ndani ya sheria yenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979, inalihesabu jengo kuwa la kale iwapo lilijengwa kabla ya mwaka 1886. Kwa vitu vinavyohamishika mpaka ni mwaka 1863, na kwa milango na miimo iliyochongwa kwa mitindo ya Kiafrika au ya mashariki, ni mwaka 1940.

Miaka hiyo inaeleweka ukiwa umesimama Kilwa Kisiwani. Ukiwa katikati ya mji wa Shinyanga inakuwa kitendawili. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza, ambayo ndiyo iliyoutengeneza mji huu kama tunavyoujua, ilikamilika mwaka 1928. Almasi ya Mwadui iligunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Mgodi wa kwanza mkubwa wa Geita ulianza katika miaka ya 1930, ingawa Wajerumani walikuwa wamekwisha kuiona dhahabu huko kabla ya hapo. Kwa hesabu hiyo, karibu kila jengo la kudumu katika ukanda huu halina umri wa kutosha kulindwa. Inawezekana kabisa mlango ukawa na ulinzi wa sheria na nyumba ulimofungwa ikakosa.

Ni kweli kwamba sheria hiyo inampa waziri mwenye dhamana mamlaka ya kutangaza mahali au jengo jingine lolote kuwa kumbukumbu ya taifa. Lakini waziri hatangazi asichoombwa kukitangaza. Maombi yanahitaji orodha, na orodha inahitaji mtu aliyetembea mtaa kwa mtaa akaandika jengo gani lilijengwa lini, na nani, kwa kazi gani.

Wapo watakaouliza kuna nini cha kuandika. Kipo kingi. Hapa ndipo pamba ya Usukuma iliponunuliwa kwanza na wafanyabiashara wa Kiasia, kisha, kuanzia miaka ya 1950, na vyama vya ushirika vilivyoongozwa na Paul Bomani. Old Shinyanga, ambayo leo ni kata ya manispaa, ndiko Charles Swynnerton alikoendesha utafiti wa mbung'o uliojulikana duniani, hadi alipofariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Mtemi wa Usiha, Kidaha Makwaia, alikuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika mwaka 1945. Historia ya namna hii haikuandikwa juu ya matumbawe. Iliandikwa juu ya tofali na mabati, na tofali na mabati huondoka upesi.

Kuna sababu nyingine ambayo wachambuzi wengi huikwepa kwa kuwa bado inauma. Mwezi Aprili 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia Sh100,000, na mengi yalikuwa ya Waasia. Yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakahamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa. Katika miji mingi ya bara hatua hiyo ilileta jambo la ajabu: majengo yalibaki kwa sababu hakuna aliyekuwa na uwezo au hamu ya kuyavunja, na yakachakaa kwa sababu hiyo hiyo. Mpangaji hakuwa na sababu ya kutengeneza paa lisilo lake, nayo kodi haikutosha kulitengeneza. Kilichoitwa uhifadhi kwa miongo miwili kilikuwa umaskini tu.

Umaskini huo sasa unaondoka, na hilo ni jema. Kahama ilipandishwa hadhi kuwa manispaa mwaka 2021. Geita ni makao makuu ya mkoa tangu 2012. Ujenzi wa reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, yenye urefu wa kilomita 341, ulizinduliwa Juni 2021, na njia yake inapita Shinyanga. Mwenye kiwanja katikati ya mji anajua kupiga hesabu: duka moja la chini linaweza kuwa ghorofa nne zenye fremu kila upande. Hakuna wa kumlaumu. Anayepaswa kuulizwa ni halmashauri inayotoa kibali bila kujua kinachovunjwa.

Tuitazame reli hiyo. Morogoro, stesheni mpya imejengwa nje ya katikati ya mji. Mji unaohamishiwa stesheni huhama taratibu nao: mama lishe, bodaboda, nyumba za wageni. Stesheni ya zamani hubaki na mitaa iliyoizunguka ikitafuta kazi nyingine, na isipopata hugeuka gofu. Kwa Shinyanga, mji uliozaliwa na reli, jambo hili si dogo, na wakati wa kulijadili ni sasa, kabla treni mpya haijaanza safari.

Migodi nayo ina kanuni yake. Mwadui ulikuwa mji kamili ndani ya uzio, wenye hospitali, shule na uwanja wa ndege wake. Kutoka huko lilipatikana, mwaka 1947, jiwe la rangi ya waridi ambalo Williamson alimzawadia Elizabeth, baadaye Malkia wa Uingereza, kwa harusi yake. Geita, mgodi wa kwanza ulifungwa mwaka 1966, na uchimbaji mpya ulioanza mwaka 2000 umefanyika katika ukanda uleule. Shimo kubwa la kisasa halina huruma kwa lililotangulia. Buzwagi ilisitisha uchimbaji mwaka 2021, na mjadala ukahamia kwenye kuligeuza eneo lake kuwa la uwekezaji. Ni uamuzi wa busara, ila hakuna aliyesikika akiuliza ni nini pale kitakachomwonyesha mtoto wa Kahama kwamba baba yake alichimba dhahabu.

Hata hivyo, kutangaza pekee hakutoshi. Mji Mkongwe wa Zanzibar uko katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, lakini Desemba 25, 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Jengo linalolindwa kwa karatasi bila fedha ya matengenezo linaweza kuua. Wanaodai kwamba dawa ni kuvunja na kujenga upya nao wakumbuke ghorofa la Kariakoo lililoporomoka Novemba 16, 2024 na kuua watu zaidi ya 20. Usalama unatokana na usimamizi, na usimamizi ndio unaokosekana kwa majengo ya zamani na mapya.

Fedha, kwa ukanda huu, si kisingizio. Halmashauri zenye migodi hupokea ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mapato ghafi. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanaitaka kampuni ya uchimbaji iandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii, ukubaliwe na halmashauri. Mipango hiyo imejenga madarasa na zahanati, na madarasa yataendelea kuhitajika. Lakini kumlipa mchora ramani na mwanahistoria kwa miezi sita ni gharama ndogo kuliko darasa moja.

Si kila nyumba iliyochakaa inastahili kubaki, na mwandishi huyu hatalia nyingi zikiondoka. Kinachotakiwa ni kuchagua: mtaa mmoja wa maduka Shinyanga, stesheni ya reli, kinu kimoja cha pamba, sehemu ya Mwadui ya zamani, na chochote kilichosalia cha mgodi wa kwanza wa Geita. Orodha hiyo ikifika mezani kwa waziri, na nakala yake ikakaa kwa ofisa mipango miji kila anapotia saini kibali, mwenye kiwanja atajua mapema anachoruhusiwa. Hivi sasa hajui, na wala ofisa hajui.