"Mara moja" kwenye mkataba ina maana mbili

Mkulima wa alizeti anaposoma kwenye mkataba kuwa "atalipwa mara moja", huelewa kwamba fedha zitatolewa papo hapo mzigo ukishapimwa. Mnunuzi naye anaweza kudai kuwa maana yake ni malipo ya mkupuo mmoja, hata baada ya miezi miwili. Kwa Kiswahili wote wawili wako sahihi, lakini anayeumia ni mkulima mwenye deni la pembejeo.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inabatilisha makubaliano ambayo maana yake haijulikani wala haiwezi kubainishwa. Heri basi iandikwe: "kwa mkupuo mmoja, ndani ya siku saba baada ya kupima". Mkataba usiotaja siku ya malipo usitiwe saini.